Jina Haiitwi Mu Ukungu

Tulikuwa wasichana munane, na kila moja alikuwa na kitambaa ya bluu kwa shingo. Masera, wale watawa wa misioni, njo walitupa. Yangu niliifua kila siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu, kisha ninaikunja na kuikalia mpaka inyooke, maana kwetu hakukuwa pasi. Wajukuu wangu wanacheka nikisema hivi. Wacheke. Kitambaa hiyo niliivaa kwa miaka ine na haikuwahi kubaki na doa, na kwa mulima yote hakuna mutoto mwingine anaweza kusema hivyo.

Kazi yetu ilikuwa kusaidia wenye hawana mutu. Kila siku ya ine, wakati watu wengine wanashuka soko, sisi tulikuwa tunapanda. Tuliteka maji kwa wazee, tukapasua kuni, tukaziba nyumba kwa matope, tukaosha vidonda vyenye hata ndugu za mugonjwa walikuwa wanakimbia. Watoto wa wajane tuliwafundisha kusali na kuandika herufi kwa vumbi. Hakuna mwenye alitulipa, na hiyo njo ilisumbua watu sana. Kazi ya leta, ile ya lazima ya serikali, waliielewa: unalima kwa sababu kapita, musimamizi, ana fimbo. Lakini kulima shamba ya mwingine bila fimbo? Wanaume wenye walikuwa wanakunywa pombe ya kasiksi kwa njia panda ya Bihambwe walikuwa wanatupigia kelele tukipita.

“Nyie watoto wa vitambaa, mutazeeka na matope ya wengine. Nani atawaoa?”

Siku moja nilimujibu mumoja wao: hata nikikosa bwana kabisa, sitafika kwake. Wenzake walicheka mpaka mukombo wa pombe ukaanguka. Mama Katekista, bibi ya mwalimu wa dini, njo mwenye alikuwa anatuongoza. Alinivuta sikio kwa jibu hiyo, lakini nilimuona anacheka pembeni.

Mimi nilikuwa wa pili kisha yeye, kwa sababu ya sauti. Sauti yangu ilikuwa inavuka bonde. Mulima yetu iko na ukungu sana, na Mama Katekista alikuwa na sheria yake: akiita jina yako, unajibu “Niko!” mbio mbio, hata kama uko mu kichaka unajisaidia. Sera wa misioni alisema mukristo anaitika mara ya kwanza. Mwenye anangoja kuitwa mara mbili ni mushenzi ao ni muvivu. Mama Katekista akikosa sauti, mimi njo ninaita kwa nafasi yake.

Sasa mujane.

Bwana yake alikuwa ameenda Walikale kuchimba mawe ya Wazungu mu pori. Vijana wengi walikuwa wanaenda. Walikuwa wanashuka upande wa mianzi kwa miguu na shuka moja na chumvi kidogo. Huyu hakurudi. Udongo ulimwangukia mu shimo. Mwenzake mwenye alikuja kusema habari alileta blanketi yake tu, na blanketi yenyewe ilikuwa inanuka pori. Maiti hakuna mwenye aliona. Walilia matanga ya blanketi. Kisha ndugu za bwana wakagawana mbuzi, wakamuachia mujane nyumba, shamba ya juu kabisa karibu na mianzi, na mutoto mwanamuke wa miaka tano hivi.

Tulipoenda kumwambia tutamulimia, hakufurahi. Alisimama kwa mulango na mikono nyuma. Alisema muache shamba ilale. Mama Katekista akamubembeleza, akamwambia si deni, ni mapendo. Mujane akaangalia vitambaa vyetu moja moja, akasema: “Basi mulime. Kulima si kupanda.” Tulifikiri ni uchungu wa matanga. Sisi tulikuwa wajinga na tulikuwa na furaha, na vitu hivyo viwili vikikutana vinaziba masikio.

Tulifika asubui ya siku ya ine, na ukungu ulikuwa umelala chini. Nimeona ukungu mingi maisha yangu, lakini ile haikutembea. Ilikaa. Ukinyoosha mukono, vidole vinakuwa vya mutu mwingine. Niliingia mu nyumba kutwaa jembe ya mujane, nikakanyaga mafiga. Majivu ilikuwa baridi na nyeupe. Niliona. Sikufikiri kitu.

Mujane alisema anashuka kwa kaka yake kutafuta mbegu. Kaka yake alikuwa anaishi mbali, kwenda na kurudi ni nusu siku. Akashika mutoto mukono, akamuweka mbele yangu.

“Wewe mwenye sauti,” akasema, “mutoto wangu huyu.”

Njo hivyo nilipewa. Hakupewa mwingine. Mimi.

Tulilima. Majembe ilikuwa inaingia mu udongo na kutoa harufu ya mizizi, na hatukuonana. Nilijua wenzangu kwa pumzi tu. Mutoto alikuwa nyuma yangu, anakusanya majani na kuyapanga. Hakusema kitu. Nilimupenda kwa hiyo, maana watoto wengine wanauliza maswali mpaka jembe inakukata kidole.

Katikati ya siku tulikaa kwa ukingo ya shamba, tukafungua chakula. Kila moja alikuwa amebeba chake, viazi vya kuchoma mu majani ya ndizi. Nilikuwa na vitatu. Nilimenya cha kwanza, na mutoto akaja kusimama mbele yangu, karibu, anaangalia kinywa yangu. Nikipeleka kiazi juu, macho yanapanda. Nikitafuna, yeye anameza.

Kwetu mutoto haangalii watu wanakula. Anatoka. Hata mutoto wa mbwa anajua. Mimi nilikuwa na miaka kumi na ine, nilikuwa na njaa na kitambaa safi, na nilimwambia:

“Usiniangalie kinywa. Kwenu hawakukufundisha?”

Akainamisha kichwa. Alikuwa amefundishwa. Akageuka, akatembea polepole upande wa mianzi, sawa mutoto mwenye heshima, na ukungu ulifunga nyuma yake bila sauti. Mimi nikamenya cha pili. Kisha cha tatu.

Tulipoanza tena kulima, nilitengeneza mistari miwili mbele ya kusikia mugongo yangu iko baridi. Niligeuka. Majani yalikuwa yamepangwa vizuri, moja juu ya ingine. Mutoto hakuwa.

Niliita jina yake. Hakuna kitu. Niliita tena na nguvu yote, ile sauti ya kuvuka bonde, na ilirudi. Lakini ilirudi kisha muda mrefu, na ilitoka juu mu mianzi, kwenye hakuna jiwe la kurudisha sauti. Ilirudi nzito kidogo kuliko vile nilivyoipeleka.

Wenzangu wakatupa majembe. Tukaanza kuita wote. Mudogo wetu, mwenye alikuwa na miaka kumi na moja, akanishika nguo.

“Yaya, nani ananiita mimi?”

“Hakuna mwenye anakuita. Tunaita mutoto.”

“Ananiita jina ya nyumbani,” akasema. “Na sauti, ile munene.”

Jina yake ya nyumbani hakuna moja kati yetu alikuwa anaijua. Mama Katekista akamuambia anyamaze, akatuweka mu mustari ili atuhesabu asipoteze mwingine. Aliita jina, moja moja. “Niko.” “Niko.” “Niko.” Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilisema niko, nikafunga kinywa, na kisha yangu ikasikika ingine, nyuma, nzito sawa ya mutu mwenye amelala siku nyingi: “Niko.”

Tulikuwa munane. Sauti ilikuwa kenda.

Mama Katekista alituhesabu tena kwa mukono, akagusa kila kichwa. Munane. Alisema ni sauti yangu imerudi, maana mimi ninapiga kelele sana.  Akanituma nishuke kuita watu.

Walipanda, wanaume na mapanga na mikuki, wanawake na watoto kwa mugongo; watu kama makumi ine. Ndugu wawili za marehemu walikuwa mbele, wenye waligawana mbuzi. Mumoja alisema ni chui. Mwingine alisema chui hawezi, chui anaacha alama. Akachungulia chini kama ataiona, na hakuona hata miguu yake. Wote tulijua kile kinaua: ni baridi. Mulima yetu ikianza kunyesha mangaribi, mutoto wa miaka tano na nguo moja hafiki asubui. Na jua, huko juu ya ukungu kwenye ilikuwa, ilikuwa imeanza kushuka.

Waliita jina. Mulima yote iliita jina ile moja, kushoto, kuume, juu, chini, mpaka jina ikakosa maana, ikawa sawa mulio wa mnyama. Kila mara tukinyamaza kusikiliza, ilikuwa kimya yenye inasikiliza pia.

Mujane alifika katikati ya makelele hiyo na kikapo kidogo ya mbegu. Hakuna mwenye alimuelezea. Alisikia jina ya mutoto wake toka mbali. Nilingoja anipige. Nilitaka anipige. Alipita mbele yangu, akakaa chini mu udongo tulioulima, na kikapo mu magoti. Hakuita.

Nilipiga magoti karibu naye, nikamuuliza kwa nini haite.

“Hata niite hataitika,” akasema. “Nilimukataza. Wewe koko yako hakukukataza?”

Alinikataza. Njo hapo damu yangu ilisimama. Koko yangu, mama ya mama yangu, alinikataza mbele ya kujua hata kutembea vizuri, na kila koko ya mulima hii alikataza watoto wake: jina haiitwi mu ukungu. Ukisikia jina yako mu ukungu, ziba kinywa, kaa chini, usitoke. Mufu anajua jina yako, maana majina ni yao. Wao njo walikuachia. Ila kitu moja mufu hajue. Hajue kile ulikula leo. Mutu mwenye angali hai akikutafuta mu ukungu, hatasema jina. Atasema: ulikula hiki na hiki asubui kwenu. Hapo njo unaitika.

Makumi ine ya watu wakubwa, wote wamefundishwa hivyo, na hakuna moja alisema. Wazee walinyamaza kwa sababu Mama Katekista alikuwa pale na musalaba yake. Sisi tulinyamaza kwa sababu ya vitambaa. Sera alisema mambo ya ukungu ni ushenzi, na sisi tulikuwa wakristo safi, tunaitika mara ya kwanza. Kwa hiyo tangu katikati ya siku tulikuwa tunapiga kelele sawa wafu, na mutoto mwenye akili alikuwa mahali fulani anatusikia, anazidi kujificha.

“Basi sema alikula nini,” nikamuambia. “Sema, mimi nitaita.”

Mujane aliangalia shemeji zake, wale wawili. Walikuwa karibu, wanaegemea mikuki. 

Nilikumbuka majivu.

“Mafiga yako ilikuwa baridi, Mama.”

Aliinamia kikapo. Kisha akasema chini sana, ndani ya kikapo, kwa mbegu: “Maji na chumvi. Nilichemusha jana, asubui tukakunywa yenye ilibakia. Mbegu tulikula mwezi muzima, zikaisha.” Akanishika mukono, akakaza. “Usiseme hiyo mbele yao. Nenda mbali, useme polepole.”

Polepole. Mu ukungu ile, polepole haifike hata kwa miguu yako. Nilisimama. Ninajua vizuri nilifanya nini na sitasingizia utoto. Niliwaambia watu wanyamaze, na wakanyamaza, kwa sababu nilisema na sauti yenye hawakuizoea kwa mutoto. Nikapanda mpaka kwa mianzi ya kwanza. Nikajaza kifua.

“Leo haukukula!” nikaita. “Kwenu hamukupika! Mulikunywa maji ya chumvi ya jana, wewe na mama yako! Mbegu mulimaliza!”

Ilienda, ilivuka bonde. Hata Bihambwe walisikia, waliniambia kisha. Nyuma yangu nilisikia mutu wa mikuki anakohoa, na hakuna mwingine.

Haikurudi, sauti ile. Ya kwanza ya siku nzima yenye haikurudi.

Kisha, karibu, karibu sana, chini ya mizizi kwenye nilikuwa nimepita mara kumi, mutoto akasema:

“Na wewe?”

Sikuelewa.

“Na wewe ulikula nini?”

“Viazi,” nikasema.

“Ngapi?”

“Vitatu.”

“Ulinipa?”

Makumi ine ya watu walikuwa nyuma yangu. Mama Katekista alikuwa pale. Niliona heri udongo uniangukie.

“Sikukupa.”

Majani ikasogea. Alitoka na magoti, mwenye matope, midomo ya bluu. Alikuja moja kwa moja kwangu, maana sasa alijua ni mimi. Mufu anaweza kuwa na sauti yangu, lakini hawezi kuwa na haya yangu.

Nilimuweka kwa mugongo, nikafunga na kitambaa, ile ya bluu, na kanga ya mwenzangu. Alikuwa baridi sawa jiwe ya muto na hakuwa na uzito. Nilipoanza kushuka, aliweka kinywa kwa sikio yangu.

“Papa alikutangulia kuja,” akasema.

Niliendelea kutembea. Mutu akisema kitu hivyo kwa mugongo yako, usisimame.

“Papa alisema nini?”

“Alisema anajua tulikula maharage na mafuta. Akaniambia nitoke twende. Sikutoka.” Alifikiri kidogo. “Papa alidanganya.”

Nywele ya shingo yangu yote ilisimama, na pumzi yake ilikuwa juu yao.

Mujane alikuwa amesimama. Watu walimuachia njia. Ndugu za bwana walikuwa wanaangalia majembe chini kama hawajaona jembe. Alimugusa mutoto miguu, mikono, masikio, sawa mutu anachagua kuku sokoni. Kisha akaniangalia mimi.

“Umesema kwa sauti.”

“Nimesema, Mama.”

“Mulima yote imesikia.”

“Imesikia.”

Sikuomba samahani. Hata leo siombi. Kama ingekuwa lazima kumuvua nguo mbele ya watu ili mutoto atoke, ningemuvua. Yeye aliona hiyo kwa macho yangu, na sijui kama alinichukia ao hapana. Hakusema siku ile wala siku ingine. Alinyoosha mikono kumutwaa mutoto, lakini mutoto alikuwa amenishika shingo, na toka mugongo yangu akamuambia mama yake neno ile ile: papa alikuja, papa alisema tulikula maharage na mafuta, papa alidanganya.

Wanawake wakarudi nyuma hatua moja, wote pamoja, bila kuambiana. Shemeji mumoja akaacha mukuki wake uanguke.

Mujane hakurudi nyuma. Mikono yake ilibaki hewani.

“Hakudanganya,” akasema. “Hajui. Wakati wake tulikuwa na maharage.”

Kisha akaniuliza ni upande gani bwana yake alitokea. Mimi, mukristo safi, mutoto wa masera, nilinyoosha kidole, nikamuonyesha kule sauti yangu ilirudia, upande wa mianzi wenye unashuka Walikale.

Alipanda peke yake mpaka kwenye ukungu ilianza kumumeza, tukaona mugongo tu, na kichwa ikakosekana. Aliongea. Hakupiga kelele, aliongea sawa bibi anazungumuza na bwana yake kwa mulango, lakini kila mutu alisikia kila neno. Alimuambia: kisha ya matanga tulikula maboga. Kisha maboga, majani ya maboga. Mbuzi ndugu zako walitwaa. Kisha majani, mbegu. Nilizipima kwa kiganja, kiganja moja kwa siku, zikaisha. Jana maji na chumvi. Leo hivyo hivyo. Njo vile tunaishi. Sasa unajua.

Alingoja. Sisi wote tulingoja pamoja naye.

Mianzi ikatikisika, moja tu, toka chini mpaka juu, sawa mutu mwenye amesikia, na hakukuwa upepo. Mama Katekista akafanya alama ya musalaba, na watu makumi ine wakafuata. Mimi sikufanya. Mikono yangu yote mbili ilikuwa nyuma, imeshika mutoto.